Meza ya Malakiti

Watu walimwita Bi Msasa kwa sababu mbili, na mwenyewe alizikubali zote. Ya kwanza, hapakuwa na mtu aliyejua kulisugua jiwe likang'aa kama yeye. Ya pili, ulimi wake nao ulikuwa msasa. Ukimpelekea kazi mbovu atakukwangua mpaka ujute kuzaliwa na mikono. Hata hivyo, waliokwanguliwa walirudi, maana baada ya maneno yale alikukalisha chini akakufundisha bila kuficha kitu.

Jiwe lake lilikuwa malakiti. Ni jiwe la kijani, tena kijani cha kila namna kwa pamoja: cha jani changa, cha chupa, cha maji ya bwawa, na kingine kinachokaribia weusi. Rangi hizo hujipanga kwa mistari na duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Hutoka ardhini penye shaba likiwa bonge chafu lisilo na sura, na uzuri wake hauonekani mpaka upitishe msumeno. Vumbi lake ni sumu, ndiyo maana hukatwa huku likimwagiwa maji, na fundi hujifunga kitambaa puani.

Ufundi huo aliachiwa na baba yake, pamoja na vitu viwili vingine: meza moja na mdogo wake.

Meza ilikuwa ndogo, ya duara, ya kukaa ukumbini. Mzee aliifanya polepole, katikati ya kazi za watu, kwa miaka. Alikata malakiti vipande vyembamba kama biskuti, akavipanga juu ya bamba la jiwe la kawaida, na kila mstari wa kipande kimoja akauunganisha na mstari wa kipande cha pili, hata wageni wakaapa kwamba ile ni jiwe moja lililotoka ardhini likiwa meza tayari. Mzee alifurahi sana kusikia hivyo. Hakuiuza. Alipokuwa kitandani, pumzi zikimwishia, aliwaita binti zake wote wawili akawaambia, "Ile meza haitoki nyumbani. Ni yenu nyote."

Yule mdogo ndiye aliyekuwa kitinda mimba, na jina likamganda hivyo hivyo: Kitinda. Mama yao alifariki Kitinda akiwa hajaota meno. Bi Msasa, ambaye naye alikuwa msichana tu, alimfunga mgongoni akawa anasugua mawe huku mtoto amelala, shavu limemlalia begani. Baadaye Bi Msasa aliolewa na seremala mpole mwenye maneno machache. Mungu hakuwajalia mtoto, basi Kitinda akawa mtoto wao. Alimwita dada, lakini akishikwa na homa alimwita mama.

Kitinda alikuwa na mkono mwepesi. Kusugua alijua, kupaka nta alijua, kutengeneza pete na mikufu alijua kuliko wengi. Ila kila alipoomba kukata bonge kubwa, dada yake alitikisa kichwa. "Bado. Ukikosea mbao utaunga. Ukikosea nguo utafumua. Ukikosea jiwe, basi tena." Akasema bado Kitinda akiwa msichana, na akasema bado hata pale mvi zilipoanza kuchungulia mojamoja kichwani mwa Kitinda.

Siku moja Kitinda alikuja karakana na hereni mpya. Alikuwa amenunua plastiki laini, ile inayokandwa kama unga kisha inaokwa ikawa ngumu. Aliikanda kwa rangi za kijani, akaikunja tabaka juu ya tabaka, akaikata vipande, na kwa ndani ikatoa duara na mistari kama ya malakiti. Mteja aliyekuwapo alidhani ni jiwe. Bi Msasa alizipima kiganjani, akazitupa kwenye ndoo ya takataka.

"Humu tunachonga jiwe," alisema. "Ukitaka kukanda, unga uko jikoni."

Mafundi wakacheka. Kitinda naye akacheka, tena kuwashinda wote.

Mwaka uliofuata kifua kilimkamata Bi Msasa. Alikuwa wa kizazi cha zamani, cha kukata jiwe bila kitambaa ukitaka kumaliza haraka, na vumbi lilikuwa limekuja kudai chake. Alilazwa hospitali muda mrefu, akikohoa mpaka damu. Kitinda hakukosa hata siku moja. Alimletea uji, alimchana nywele, alimwosha miguu kwa maji ya vuguvugu na kumkausha vidole kimoja kimoja. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walimwonea wivu. "Una mtoto wewe," walimwambia, na Bi Msasa hakuwasahihisha.

Aliporudi nyumbani alikuwa mwepesi kama kuti. Daktari alimkataza kulisogelea vumbi. Meza ya baba aliikuta ukumbini mahali pake, imefunikwa kitambaa kizito.

"Usiihangaikie, dada," Kitinda alisema. "Mimi nitakuwa naifuta."

Haukupita muda Kitinda akaleta habari njema: jumba la sanaa la mji mkubwa limempa kazi ya kufundisha. Bi Msasa alilia kwa furaha. Alimpa msumeno wa baba yao, ule wenye mpini uliolika kwa vidole vya mzee, akamwombea dua, akamsindikiza mpaka barabarani huku akihema.

Sasa, jirani yao alikuwa fundi cherehani, mama mwenye maneno mengi kuliko nyuzi zake. Siku moja baada ya Kitinda kuondoka, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alimkatalia kabisa kuinuka, akaingia jikoni mwenyewe kuchemsha chai. Kitambaa cha meza kilikuwa kimefuliwa, kinaning'inia kambani nje. Jirani akatoka na birika linalotoa mvuke, akalitua juu ya meza.

"Wewe! Toa hilo birika!" Bi Msasa aliruka kama si mgonjwa. "Moto unaharibu rangi ya jiwe!"

Jirani alilinyanyua kwa hofu. Likagoma kwanza, kama limenasa, kisha likaachia, likiacha duara lenye kung'aa vibaya. Harufu ikapanda puani, harufu ya kitana kilichodondokea jikoni penye moto.

"Mbona jiwe lenu linanuka plastiki?" jirani aliuliza.

Bi Msasa aliweka kiganja chake mbali na lile duara, pale ambapo birika halikufika. Malakiti ni baridi. Hata jua la mchana liwe kali namna gani, ukiigusa ndani ya nyumba inakuwa baridi kama mtungi. Hii ilikuwa na joto la chumba tu. Akabonyeza ukucha kwenye duara la birika. Ukucha ukazama.

"Jirani," alisema taratibu, "nenda nyumbani."

"Na chai je?"

"Nenda nayo."

"Lakini birika ni lako!"

"Nenda nalo."

Jirani akaondoka na birika mkononi, na pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukosa la kusema.

Bi Msasa alifunga mlango. Aliilaza meza, akaipindua miguu juu. Ilikuwa nzito kama zamani, maana chini ya ile plastiki mtu alikuwa amemwaga saruji. Akapiga magoti akaangalia miguu ilivyofungwa. Baba alitumia skrubu za shaba. Yeye mwenyewe, akiwa msichana, ndiye aliyekuwa akimpa mkononi moja moja. Sasa hapakuwa na skrubu. Palikuwa na vijiti vya mbao nyeusi vilivyogongewa kwenye matundu, vichwa vyake vimesuguliwa mafuta. Vijiti kama hivyo vilikuwa kwenye stuli ya jikoni, kwenye kitanda chao, kwenye kabati la nguo. Katika mji ule fundi mmoja tu alifunga mbao namna hiyo, na fundi huyo ndiye aliyelala naye kitanda kimoja.

Alikaa sakafuni. Kwamba plastiki ile ilikandwa na Kitinda alikwisha kulijua ukucha ulipozama. Hili la pili ndilo lililomkalisha.

Seremala alirudi jioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimkuta mkewe amekaa palepale, meza imeinua miguu kama mnyama aliyekufa.

"Meza ya baba iko wapi?" Bi Msasa aliuliza.

Laiti angeuliza, "Meza gani?" Angalau angempa mkewe nafasi ya kudanganyika kidogo. Lakini seremala hakuwa na ubingwa wa uongo. Alivua kofia.

"Alisema ataiazima tu."

"Lini?"

"Ulipokuwa umelazwa."

"Mimi natema damu, nyinyi mnapima miguu ya meza."

"Daktari alituambia huenda usirudi." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kitinda alilia, mke wangu. Akasema nusu ya meza ni yake. Akasema hakuna mtu duniani anayemjua kama fundi, wanamjua kama mdogo wa Bi Msasa. Kulikuwa na mashindano kwenye lile jumba. Nikaona..."

"Ukaona nimeshakufa."

"Nikaona inamsaidia aliyebaki."

"Na nilipopona? Kinywa kilikuwa kimeshonwa?"

"Ulipopona sikujua pa kuanzia. Kila siku nilisema kesho."

Bi Msasa akauliza lile alilokuwa akiliogopa. "Huko kwenye mashindano, alisema meza ni kazi ya nani?"

Seremala aliitazama kofia yake, akaizungusha mkononi. Akawa amejibu.

Walikwenda mjini pamoja, kwa kuwa Bi Msasa alimwambia, "Uliibeba kuitoa, utanipeleka ilipo."

Jumba la sanaa lilikuwa na sakafu inayoteleza na watu wanaonong'ona. Meza ilikuwa katikati ya chumba kikubwa, imeinuliwa juu ya jukwaa, taa zinaimulika kutoka kila upande. Bi Msasa hakuwahi kuiona ikiwa na nuru namna ile. Ilipendeza mno, na kupendeza kwake kulimuuma. Karibu na ukingo aliona kipande cheusi kuliko vingine. Zamani, akiwa msichana, jiwe lilimpungukia baba, akamwita, "Mama, nichagulie wewe," naye akachagua kile. Chini ya meza palikuwa na kibao kidogo. Kilikuwa na jina kamili la Kitinda, na chini ya jina maneno mawili: Fundi Bora.

Kitinda aliingia akiwa na mkurugenzi wa jumba na wageni kadhaa, anacheka, amevaa mkufu wa malakiti. Kicheko kilikatika alipowaona.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Waambie," Bi Msasa alisema.

"Dada, twende nje tuongee."

"Hapa hapa. Waambie hii ni kazi ya nani."

Mkurugenzi akasogea. "Kuna tatizo?"

Bi Msasa alimwona mdogo wake akiwaza. Alimjua, uso ule aliunawisha yeye. Aliona hofu ikipita, aliona aibu ikipita, halafu akaona kitu kingine kikija na kukaa. Kitinda alimshika dada yake bega kwa upole.

"Samahani, mkurugenzi. Huyu ndiye dada yangu aliyenilea. Ametoka hospitali juzijuzi, na ugonjwa ulimpanda mpaka kichwani, maskini. Siku hizi kila kitu cha kijani anasema ni cha marehemu baba."

Aliyasema kwa sauti ileile aliyotumia akimwosha miguu.

Bi Msasa alimgeukia mumewe. "Sema."

Seremala alifungua mdomo. Aliwatazama wageni na viatu vyao, akamtazama Kitinda ambaye macho yake yalikuwa yanamsihi, akatazama chini. "Twende nyumbani, mke wangu," alisema.

Hapo watu wakaanza kuwa wema. Mmoja alileta kiti, mwingine glasi ya maji, mama mmoja akampepea kwa karatasi huku akisema, "Pole, mama, pole, utapona." Katika maisha yake Bi Msasa aliwahi kutukanwa, kuibiwa na kusengenywa, akavistahimili. Lakini kiti kile kilimshinda. Hakukikalia. Alitoka nje akiwa anashika ukuta, maana kifua kilikuwa kimeanza tena.

Kitinda alimfuata peke yake mpaka kwenye ngazi.

"Dada."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningekuomba ungesema bado." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa kali. "Ile ya nyumbani nimeifanya mimi. Kila mstari. Umekaa nayo chumba kimoja tangu utoke hospitali, hukujua. Haya, sema sasa kwamba mimi si fundi."

"Wewe ni fundi," Bi Msasa alisema. "Ungewaletea ile. Ungeandika, hii ni plastiki na nimeikanda mimi, ningekuja hapa kukupigia vigelegele."

"Ungeitupa kwenye ndoo."

Bi Msasa alijipekua moyoni akatafuta jibu, akakuta kwamba mtoto amesema kweli.

"Labda ningeitupa," alisema. "Hilo nitalijibu mimi. Lakini kunifanya mwendawazimu mbele za watu, Kitinda? Mimi?"

Kitinda alinyoosha mkono.

"Usinishike."

Tangu siku hiyo Bi Msasa alihamishia godoro lake kwenye chumba cha nyuma, kilichopakana na karakana. Alimpikia mumewe, alimfulia, akamjibu alipouliza. Ila alikuwa amezoea kumwita mwenzangu, na sasa alimwita seremala, kama mteja. Jirani fundi cherehani alipokuja kuchungulia habari, akataka kuanza na lile la kikulacho ki nguoni mwako, Bi Msasa alimkata. "Nguo zako wewe umezikagua?" Jirani akakumbuka kwamba ameacha pasi kwenye moto.

Seremala alivumilia jina hilo kwa muda, kisha likamshinda. Asubuhi moja alivaa shati lake la kwenda misibani, akaifunga ile meza ya plastiki kwa gunia, akapanda nayo gari kwenda mjini bila kuaga. Aliyoyafanya huko Bi Msasa aliyasikia kwa watu, maana yeye hakujisimulia. Alisimama mbele ya mkurugenzi, akafungua gunia na kusema yote: nani alichonga, nani alikanda, nani alibeba. Mkurugenzi hakutaka kuamini. Alikuwa amekwisha kupeana mikono na wakubwa juu ya meza ile, na mtu haachi heshima yake kirahisi. Akaagiza Kitinda aitwe ili amkane seremala huyo.

Kitinda aliingia, akamwona shemeji yake ameshika mikononi kazi ile ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu. Hakukana. Alisema tu, "Ni kweli." Kisha akaichukua meza yake ya plastiki kutoka mikononi mwa seremala, akaikumbatia, akatoka nayo. Kibao kiliondolewa siku hiyohiyo, na kazi ya kufundisha ikaisha.

Meza ya mzee ilirudi nyumbani juu ya kigari, imefungwa mablanketi. Bi Msasa aliiwekea kiganja. Baridi. Alidhani atalia, lakini hakuna kilichotoka.

"Umefanya vizuri," alimwambia mumewe.

"Umenisamehe?"

"Nimesema umefanya vizuri."

Seremala hakuuliza tena. Jioni alianza kuleta stuli yake mlangoni pa karakana, akakaa pale akichonga vijiti vyake huku mkewe akifanya kazi ndani. Siku za mwanzo Bi Msasa alimfungia mlango. Baadaye akawa anauacha wazi, akisema ni kwa ajili ya hewa, kifua chake kinahitaji hewa.

Alikuwa amerudia kazi kidogokidogo, kwa maji mengi na vitambaa viwili puani. Malighafi ikaisha, ikabidi aende mwenyewe kwenye uwanja wa muuza mawe. Pale mabonge hulundikwa chini, na wanunuzi huyamwagia maji wayaone rangi. Alikuwa ameinama juu ya lundo aliposikia nyuma yake, "Shikamoo, dada."

Muuza mawe, aliyewajua wote wawili, aliacha kupanga mawe yake.

"Marahaba," Bi Msasa alisema. Salamu ni salamu.

Kitinda alikuwa amekonda. Viganja vyake vilikuwa na madoa ya rangi ya kijani. "Kifua kinaendeleaje?"

"Kinaendelea."

"Nimepata chumba, nawafundisha wasichana kutengeneza hereni."

"Za plastiki?"

"Za plastiki. Wanaonunua tunawaambia ni plastiki."

Bi Msasa alilimwagia maji bonge alilolishika, akaligeuza, akalitazama mistari. Maneno aliyokuwa nayo kwa mtu huyu yangeweza kujaza uwanja ule. Alikuwa akiyapanga kila alipopata nafasi ya kukaa peke yake. Yote yalimkimbia. Pale penye maneno aliikuta hasira imekaa, haijapungua uzito, na kando ya hasira, bila haya, hamu ya kujua kama mtoto huyu leo amekula.

Hakuuliza. Alimwambia muuza mawe ampakilie bonge lile kwenye mkokoteni, akashika njia ya nyumbani, akitembea taratibu kwa ajili ya kifua. Nyuma yake alimsikia Kitinda akianza kumuuliza muuza mawe habari za jiwe, lipi gumu, lipi lina ufa, kwa sauti iliyokuwa ikikatikakatika.